Askari Asiyefika kwa Daktari

Nikifundisha historia ya dola ya Marekani, sianzi na hotuba za marais. Huanza na jalada la askari majeruhi anayedai fidia, kwa kuwa humo ndimo tunamoiona serikali ikikutana ana kwa ana na mtu aliyeilipia vita kwa mwili wake.

Sheria ya Julai 14, 1862, iliyopitishwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikiwa vimepamba moto, ilimwahidi askari wa kawaida dola 8 kwa mwezi endapo ameshindwa kabisa kujipatia riziki kwa kazi ya mikono. Aliyeumia kwa kiasi alipata sehemu yake. Kipimo kilikuwa mikononi mwa daktari aliyeteuliwa na serikali, na baadaye jopo la madaktari watatu, ambao waliandika ulemavu wa mtu kwa sehemu za kumi na nane. Sijapata kuona hesabu iliyo baridi kuliko hiyo.

Utaratibu huo ulidhani kwamba kila mwili unaweza kufikishwa mbele ya daktari. Askari weusi wapatao 180,000 walilipigania jeshi la Muungano, wengi wao wakitoka utumwani. Waliobaki vijijini Kusini hawakuwa na nauli ya kwenda mjini. Wengine walikuwa wamebadili majina tangu waachane na bwana, hata jalada halikuwatambua. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu hizo wamebaini kuwa maombi yao yalikubaliwa kwa kiwango cha chini kuliko ya weupe. Mwaka 1907 Bunge lilipoamua kwamba umri wa miaka 62 pekee watosha kumpa askari pensheni, kikwazo cha daktari kilipungua, kikazuka kingine: aliyezaliwa utumwani angeithibitishaje siku ya kuzaliwa kwake?

Leo kanuni ni laini zaidi. Asipohudhuria uchunguzi bila sababu ya msingi, dai la kwanza la fidia huamuliwa kwa ushahidi uliomo jaladani. Ugonjwa, kulazwa hospitalini na msiba wa ndugu wa karibu vimetajwa kuwa mifano ya sababu hizo. Lakini jalada lenyewe mara nyingi huwa jembamba, na ndiyo maana uchunguzi uliitishwa.

Hapa ndipo ninaposita. Tangu mwaka 1980 tiba ya akili ya Marekani imeyatambua rasmi maradhi ya kiwewe cha vita, na mojawapo ya dalili zake ni mgonjwa kukwepa chochote kinachomrudisha kule alikotoka. Tunamwita aje asimulie mbele ya mgeni jambo ambalo ugonjwa wake unamzuia kulikaribia, kisha asipokuja, tunahesabu kwamba ushahidi umepungua. Kwa kuwa orodha ya sababu za msingi haijafungwa, afisa anayeshika jalada la namna hiyo ana nafasi ya kuuliza kwa nini kiti kile kilibaki kitupu, kabla hajaandika uamuzi.