Taharuki ya Mwisho Unaojulikana: Jurji Zaydan na Wasomaji Wake

Utangulizi

Historia ya fasihi, kama inavyofundishwa katika idara zetu, aghalabu ni historia ya waandishi na kazi zao. Msomaji hutajwa kwa nadra. Na pale anapotajwa, hasa yule msomaji aliyekipenda kitabu hata akashindwa kukiweka chini, hutajwa kwa namna ya kuombewa radhi. Istilahi yetu ya 'fasihi pendwa' inalionyesha jambo hili wazi: kule kupendwa kwenyewe kumegeuzwa kuwa dalili ya upungufu. Mhakiki huona kwamba akishathibitisha kuwa kazi fulani ina mapenzi, njama na taharuki, basi kazi yake imekwisha.

Makala haya yanakusudia kuuhoji mtazamo huo kwa kuchunguza mfano mmoja wa kihistoria, nao ni mfululizo wa riwaya za mahaba na historia ulioandikwa na Jurji Zaydan mjini Kairo kati ya mwaka 1891 na mwaka 1914. Tutadai mambo mawili. Kwanza, shauku ya wasomaji wa riwaya hizo ilikuwa na mantiki yake ya kisanaa, kwa kuwa walishikwa na taharuki juu ya matukio ambayo mwisho wake waliujua tangu utotoni. Pili, mbinu ile ile iliyoizaa shauku hiyo ndiyo iliyoamua ni historia ipi ingekumbukwa na ipi ingeachwa. Mhakiki anayeidharau shauku ya wasomaji hujinyima nafasi ya kuliona jambo hili la pili.

Mwandishi, Jarida na Wasomaji

Zaydan alizaliwa Beirut mwaka 1861 katika familia ya Wakristo wa Kiorthodoksi. Baba yake alikuwa na mkahawa, na mtoto alitolewa shuleni mapema ili amsaidie kazi. Hata hivyo alijisomesha, akafaulu kuingia katika Chuo cha Kiprotestanti cha Syria, ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, ili asomee udaktari. Mwaka 1882 palizuka mgogoro chuoni humo baada ya mhadhiri mmoja kumtaja Darwin kwa sifa hadharani. Wanafunzi waligoma, na Zaydan akawa miongoni mwa walioondoka. Alihamia Misri, na katika miaka ya 1884 na 1885 akafuatana na jeshi la Waingereza, akiwa mkalimani, katika msafara wa kwenda kumwokoa Gordon aliyekuwa amezingirwa Khartoum.

Tajriba hiyo ya Sudan haikupotea bure. Riwaya yake ya pili, Asir al-Mutamahdi (1892), inawahusu Shafiq na Fadwa, wapenzi wanaotenganishwa na machafuko ya Misri na vita vya Mahdi. Katika mwaka huo huo wa 1892 Zaydan alianzisha jarida la al-Hilal, ambalo kwa miaka mingi aliliandika kwa kiasi kikubwa kwa mkono wake mwenyewe. Humo ndimo riwaya zake zilimotolewa sehemu kwa sehemu kabla ya kuchapishwa kuwa vitabu. Kuanzia 'Adhra' Quraysh ya mwaka 1899 hadi Shajarat al-Durr ya mwaka 1914, ambao ndio mwaka aliofariki, alitoa takriban riwaya moja kila mwaka. Kwa jumla aliandika riwaya zaidi ya 20, na nyingi kati ya hizo zinahusu historia ya Uislamu tangu enzi ya kabla ya kuja kwa Mtume hadi mapinduzi ya Uthmaniya ya mwaka 1908.

Utoaji wa sehemu kwa sehemu haukuwa jambo la uchapishaji peke yake, uliathiri msuko. Sura ilimalizika pale mlango ulipobishwa usiku, barua ilipoangukia mikononi mwa adui, au mgeni alipokaribia kujifunua uso. Msomaji wa Kairo au wa Beirut alilazimika kungoja toleo lijalo. Mbinu hizi Zaydan alizikuta kwa Walter Scott na Alexandre Dumas, lakini jarida alilozitia lilikuwa la elimu. Al-Hilal lilikuwa na makala za historia, lugha na sayansi, pamoja na safu ya maswali ya wasomaji na majibu ya mhariri. Kwa hivyo mtu yule yule aliyesubiri kujua kama Salma atanusurika aliweza kuuliza, katika jarida lile lile, swali la historia au la lugha.

Ni muhimu kuwakumbuka wasomaji hawa walikuwa akina nani. Walikuwa kizazi cha shule mpya na magazeti, watu wenye kiu ya kuijua historia yao lakini wasio na nafasi ya kupekua majuzuu ya al-Tabari na Ibn al-Athir. Zaydan aliwaandikia kwa Kiarabu chepesi, kisicho na madoido ya kale, na katika tanbihi akawatajia vitabu alivyovitegemea. Riwaya hizo zilichapwa tena na tena, zikatafsiriwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kiajemi, Kituruki na Kiurdu. Shauku hii basi ilivuka mipaka ya mji na ya lugha, na haiwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba wasomaji walipenda mambo mepesi.

Taharuki Isiyotegemea Mwisho

Kwa kawaida tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba taharuki ni hali ya msomaji kutaka kujua kitakachotokea. Fasili hii haitoshi kabisa kwa riwaya za Zaydan. Tuchukue mfano wa riwaya yake ya mwaka 1900, ambayo anwani yake ni tarehe: 17 Ramadhani. Ni tarehe ambayo, kwa mujibu wa baadhi ya masimulizi, Ali bin Abi Talib alishambuliwa mjini Kufa katika mwaka wa 40 wa Hijra (661). Msomaji anaijua habari hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Aliyeua anajulikana, mahali panajulikana, na siku yenyewe imeandikwa kwenye jalada. Je, kuna cha kusubiri?

Zaydan analijibu swali hili kwa kumtia ndani ya kisa kijana aitwaye Said, wa ukoo wa Umayya. Said anampenda Qatam, mwanamke wa Kufa ambaye vitabu vya historia vinamtaja kuwa alidai kifo cha Ali kiwe sehemu ya mahari yake. Akiwa amelewa mapenzi, Said anaahidi. Kisha anazinduka na kuazimia kuizuia njama aliyokaribia kuitekeleza. Kuanzia hapo riwaya inakuwa mbio za kufikisha onyo. Msomaji anajua kwamba onyo halitafika kwa wakati, kwa maana lingefika historia isingekuwa hii tuliyo nayo. Hata hivyo anafuata kila kizuizi kwa moyo wa kudunda. Anachosubiri kujua ni jinsi gani jambo lililokuwa linazuilika halikuzuiwa, na ni nani aliyekuwa karibu kulizuia.

Tunaona basi kwamba msuko wa Zaydan una nyuzi mbili. Uzi wa kwanza ni wa historia, na mwisho wake umefungwa. Uzi wa pili ni wa wahusika wa kubuni, na mwisho wake uko wazi: Said anaweza kufa au kupona, kuoa au kukosa. Ustadi wa mwandishi uko katika kuzisuka nyuzi hizi hata shaka ya uzi wa pili iuambukize uzi wa kwanza. Kwa kuwa hatujui litakalompata Said, tunaanza kusahau, kwa muda, kwamba tunajua litakalompata Ali. Mahaba hapa yana kazi ya kisanaa. Yanairudishia historia ule wasiwasi iliyokuwa nao kabla haijawa historia, pale watu waliokuwamo walipokuwa hawajui kesho yao.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Hadhira ya tendi zetu za kale haikuwahi kukusanyika ili ijue nani alishinda au nani aliuawa. Waliousikiliza utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, uliotungwa na Hemedi bin Abdallah al-Buhry wa Tanga, walijua yaliyotokea Karbala, na bado walisikiliza hadi mwisho. Zaydan alilitumia tukio hilo hilo katika Ghadat Karbala (1901), ambamo Salma, binti wa Hujr bin Adi, anataka kulipiza kisasi cha baba yake kwa Yazid. Tofauti iko katika mahali pa kumweka msikilizaji au msomaji. Utenzi humweka mbele ya tukio, aliomboleze pamoja na jamii yake. Riwaya humweka nyuma ya pazia, ndani ya nyumba ya mtu mmoja, akihofia maisha ya msichana ambaye vitabu vya historia havimjui. Lakini katika hali zote mbili, kuujua mwisho hakuipunguzi shauku. Ndiko kunakoipa uzito.

Mahaba Yanapochagua Historia

Tukiishia hapo tutakuwa tumemtetea msomaji bila ya kumhoji. Katika dibaji ya al-Hajjaj ibn Yusuf (1902), Zaydan alieleza msimamo wake kuwa katika kazi zake historia ndiyo inayoitawala riwaya, tofauti na baadhi ya waandishi wa Ulaya ambao kwao riwaya huitawala historia. Kanuni hii iliwapa wasomaji imani kwamba wanachosoma ni kweli iliyovikwa vazi la hadithi. Swali la mhakiki ni kama kanuni hiyo ilitekelezeka.

Kipimo kizuri ni al-'Abbasa Ukht al-Rashid (1906). Mwaka 803 Khalifa Harun al-Rashid aliwaangamiza ghafla mawaziri wake wa ukoo wa Barmaki na kumuua Jaafar, aliyekuwa kipenzi chake. Miongoni mwa sababu zilizosimuliwa zamani ni kisa cha Abbasa, dada wa khalifa: kwamba Harun alimwoza kwa Jaafar kwa sharti wasikutane kama mume na mke, wao wakalivunja sharti, na siri ilipofichuka ghadhabu ya khalifa ikawafikia wote. Al-Tabari anakitaja kisa hiki miongoni mwa riwaya mbalimbali za tukio hilo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, anakikataa katakata. Kwake yeye, sababu ni ya kisiasa: Wabarmaki walikuwa wameshika mamlaka na mali ya dola hata khalifa mwenyewe akawa kama mgeni katika utawala wake.

Zaydan alikishika kisa cha Abbasa akakifanya mhimili wa riwaya. Haiwezi kusemwa kwamba alizua, maana alikikuta katika vitabu. Lakini mbele yake palikuwa na historia mbili, moja ya hazina na mamlaka, nyingine ya ndoa ya siri, naye akaichagua ile iliyofaa kwa taharuki. Kwa maneno mengine, historia iliitawala riwaya kama alivyoahidi, ila mahaba ndiyo yaliyochagua ni historia ipi itawale. Msomaji aliyekesha na kitabu hicho aliamka akiamini kwamba dola kubwa ilitikisika kwa sababu ya mapenzi, wala hakuwa na sababu ya kumtafuta Ibn Khaldun.

Wenye elimu wa wakati wake walihisi uzito wa jambo hili, ingawa mashambulizi yao makali yalielekezwa kwenye kazi yake ya historia tupu. Mwaka 1910 Chuo Kikuu cha Misri kilimwalika Zaydan afundishe historia ya Uislamu, kisha kikauondoa mwaliko kwa kuhofia lawama kwamba Mkristo amepewa somo hilo. Mwaka 1912 jarida la al-Manar la Rashid Rida lilichapisha uhakiki mkali wa mwanachuoni wa Kihindi, Shibli Numani, dhidi ya Historia ya Ustaarabu wa Kiislamu ya Zaydan, iliyokuwa imetoka kwa majuzuu matano kati ya mwaka 1902 na 1906. Al-Manar, itakumbukwa, ndilo jarida lililomuathiri sana Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha al-Islah mwaka 1932. Mijadala ya Kairo haikuwa mbali na pwani yetu. Katika ugomvi huo hoja mbili zilichanganywa: dini ya mwandishi na njia yake ya kuteua ushahidi. Hoja ya kwanza ilikuwa dhuluma. Ya pili ilikuwa swali halali, na kuchanganywa na ya kwanza kuliizuia isijibiwe vizuri.

Wahakiki waliofuata nao waliligeuzia swali hilo kisogo kwa njia nyingine. Abd al-Muhsin Taha Badr, katika utafiti wake mashuhuri wa mwaka 1963 kuhusu riwaya ya Kiarabu nchini Misri, alizipanga riwaya hizi mahali palipo kati ya mafunzo na burudani, zikiwa hatua ya kuielekea riwaya ya kisanaa. Uainishaji huo una manufaa yake, lakini hatua hupitwa, na kinachopitwa hakisomwi tena kwa makini. Wasomaji wa kawaida hawakupita. Waliendelea kununua.

Hitimisho

Yaliyoelezwa hapa yana maana kwa ufundishaji wetu. Tuna wasomaji wengi, ndani na nje ya madarasa, wanaosoma riwaya za mahaba na za upelelezi kwa shauku ambayo riwaya teule hazijaipata. Kuwaambia kwamba wanasoma takataka hakujawahi kumbadilisha msomaji hata mmoja. Kuwasifu kwa kuwa tu wanasoma ni njia nyingine ya kutowachukulia kwa uzito.

Mfano wa Zaydan unatupendekezea njia ya tatu, yaani kuichunguza shauku yenyewe kama sehemu ya maana ya matini. Mwanafunzi aulizwe ni wapi hasa alishindwa kukiweka kitabu chini, na ni mbinu gani iliyomshika. Kisha aulizwe swali ambalo wasomaji wa al-'Abbasa hawakuulizwa: ili taharuki hii iwezekane, ni habari gani iliyobidi iachwe nje? Atakayelijibu swali hilo atakuwa ameanza kazi ya uhakiki, na hatakuwa amelazimika kuikana raha aliyoipata.