Kezilahabi, Euphrase

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alikuwa mwandishi wa riwaya, mshairi na mhadhiri wa Tanzania. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Kiswahili kilifuata baadaye. Kabla yake riwaya ya Kiswahili ilikuwa zaidi mikononi mwa watu wa pwani na visiwani. Yeye aliileta bara, kwenye mashamba ya mihogo, seminari na vilabu vya pombe.

Alisoma seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikofundisha kwa miaka mingi. Shahada ya uzamivu aliipata Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana.

Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ndiyo iliyozua kelele kubwa kuliko zote. Zakaria, baba mlevi, anamchunga binti yake kwa fimbo. Rosa anapokwenda masomoni, mbali na macho ya baba, hana silaha ya kujikinga na wanaume, wakiwemo wenye mamlaka juu yake, na mwisho anajiua. Mwandishi hamhukumu binti. Anayahukumu malezi ya woga. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha kikaja kusomwa madarasani.

Zikafuata Kichwamaji (1974), juu ya msomi anayepoteza maana ya kuishi, Dunia Uwanja wa Fujo (1975), na Gamba la Nyoka (1979), inayotazama vijiji vya ujamaa bila kupamba. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni fupi, ngumu, zenye sura ya ndoto. Katika ushairi, Kichomi (1974) kiliacha vina na mizani, na washairi wa jadi wakapinga vikali.

Hakuna mwandishi wa Kiswahili wa kizazi chake aliyethubutu zaidi. Anayemsoma kwa mara ya kwanza aanze na Rosa Mistika, na Nagona aiache hadi mwisho.