Kengele ya Reli

Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli. Kimefungwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na ukikigonga kwa nondo sauti yake inafika hadi kwenye mikorosho ng'ambo ya korongo. Nimekigonga miaka 24. Tangu mwaka jana nimemwachia mwanafunzi wa zamu, maana nikinyanyua mkono mara tatu tu pumzi inakata.

Nina miaka 52 na valvu moja ya moyo wangu, ile ya kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, imekakamaa. Daktari Dar es Salaam alinionyesha kwenye kioo cha mashine: mlango unafunguka nusu, na ukifunga hauzibi. Kwa kuwa unavuja, kuutanua kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja hakufai. Lazima ubadilishwe. Akaniuliza: ya chuma au ya mnyama? Nikaomba muda. Mimi ni mwalimu wa historia. Kitu nisichojua kilikotoka huwa sikiamini.

Ugonjwa wenyewe niliuokota Ruangwa mwaka 1982, enzi ambazo Ruangwa ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Nachingwea. Nilikuwa na miaka tisa, koo limevimba, mate hayapiti. Bibi akanipeleka kwa fundi wa vimeo. Fundi alikuwa mzee mwenye mikono myepesi. Alinikalisha kwenye kigoda, akakikata kimeo kwa kifaa chake kilichopinda kama mundu mdogo, akanipa majivu ya dawa nisukutue. Koo likapona, kama ambavyo lingepona hata bila yeye. Wiki chache baadaye goti likavimba, likaacha, ikaja zamu ya kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Nyumbani wakasema ni baridi yabisi, na hawakukosea jina. Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba vijidudu vya koo la mtoto vinaweza kuuchanganya mwili hadi ukaushambulia moyo wake wenyewe, na kwamba dawa ilikuwa sindano ya penisilini. Simlaumu bibi. Miaka ile zahanati ilikuwa na mizani ya watoto na kalenda ya ukutani.

Sasa reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1947 wakaanza mpango wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Walikuja na matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Walijenga reli kutoka pwani hadi Nachingwea, wakaanza pia bandari ya kina kirefu kule Mtwara. Ilipofika 1951 mpango ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 hivi zimezama nao. Bandari ikakamilika 1954, ikiisubiri mizigo ya karanga ambazo hazikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Mjomba wangu alikuwa mvulana wa miaka 13; anasema walikuwa wanakimbia nyuma ya mafundi wakiokota misumari. Kipande cha mwembeni ni salio la kazi hiyo.

Karanga zenyewe bibi alilima kwa jembe la mkono hadi anakufa, na hakuwahi kukosa za kutia kwenye kisamvu.

Ardhi haikukaa bure. Mwaka 1965 wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walipata kambi hapa, Farm Seventeen, jina lililobaki kutoka kwenye namba za mashamba ya karanga. Aliyewaongoza, Samora Machel, kabla ya kushika bunduki alikuwa muuguzi. Wao walipoondoka mwaka 1975 walituachia jina kubwa na barabara ileile ya vumbi.

Na barabara ndiyo iliyoamua nani wa Kusini apone moyo na nani asipone. Tulipokuwa chuo cha ualimu, miaka ya 1990, mwenzetu mmoja alivimba miguu, akawa analala ameketi. Ilikuwa masika. Kwenda Dar es Salaam maana yake ilikuwa kuvuka Rufiji kwa kivuko, na kabla ya hapo kulala njiani siku mbili tatu basi likiwa limezama kwenye tope. Mwenye bahati alipata meli kutoka Mtwara. Na hata angefika, kifua hakikuwa kinafunguliwa huko. Wagonjwa wa valvu walikuwa wanapelekwa India, kwa orodha. Tulimzika kabla jina lake halijafika kwenye orodha yoyote.

Daraja la Mkapa, juu ya Rufiji, lilifunguliwa 2003. Upasuaji wa moyo ukaanza Muhimbili 2008, na mwaka 2015 ikawepo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako valvu zinabadilishwa na madaktari wetu. Ningeugua miaka 30 nyuma kama yule mwenzangu, leo nisingekuwa na swali la kujibu.

Hiyo ya chuma ina historia ninayoipenda. Mwaka 1958 mhandisi mstaafu wa Marekani, Lowell Edwards, alimwendea daktari wa upasuaji Albert Starr akitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamwambia tuanze na valvu. Wakaunda kijumba cha chuma chenye kigololi ndani: damu ikisukuma, kigololi kinapanda, ikitaka kurudi, kinashuka na kuziba. Mwaka 1960 wakampandikizia mwanamume wa miaka 52, umri wangu huu. Aliishi miaka kumi, akafa kwa kuanguka kutoka kwenye ngazi. Mwaka aliopasuliwa, treni ya Nachingwea ilikuwa bado inatembea. Siku hizi kigololi kimeachwa. Ni vibati viwili vya kaboni ngumu, ingawa wodini bado wanaita ya chuma. Inadumu, na usiku kukiwa kimya mwenyewe anaisikia ikigonga kifuani kama saa.

Tatizo lake ni kwamba damu hupenda kuganda penye kitu kigeni. Kwa hiyo utameza warfarini hadi kufa. Dawa hiyo ilipatikana baada ya ng'ombe wa Amerika Kaskazini kuvuja damu kwa kula majani yaliyooza, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya, ndipo ikaja kwa binadamu. Ukizidisha unavuja, ukipunguza damu inaganda na valvu inakwama. Kisamvu, mchicha na matembele vinapunguza nguvu yake, hivyo ule kipimo kilekile wiki zote, si wingi mwezi huu na kidogo mwezi ujao. Na damu ipimwe kila mwezi hivi, maisha yote.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba na misumari yake. Niliwahi kukaa siku nzima kwenye benchi la maabara moja, jina lake nalihifadhi, hadi saa tisa nikaambiwa vitendanishi vimeisha, nirudi Jumatatu. Jumatatu mashine ilikuwa imeharibika. Kwa mtu wa Mbagala, pale Dar, hiyo ni nauli ya daladala. Kwangu, kipimo cha Dar ni zaidi ya kilomita 500. Lami nayo imesogea karibu, nashukuru, lakini nimesoma mno historia ya vitu vilivyoletwa Nachingwea kwa shangwe.

Ya mnyama haitaki warfarini ya kudumu, miezi mitatu tu ya mwanzo, maadamu moyo wangu bado unadunda kwa mpangilio. Ila inachakaa. Miaka kumi, pengine 15, kisha kifua kinafunguliwa tena, nikiwa mstaafu wa miaka sitini na kitu. Daktari hakuficha: mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Kwetu Wamwera jambo kama hili halipiti bila mjomba. Nilimkuta anabangua korosho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamuaje?"

Nikamweleza: kuna ya nguruwe na kuna iliyoshonwa kwa ngozi inayoufunika moyo wa ng'ombe. Shehe nimemuuliza, kasema penye dharura hata ya kwanza inaruhusiwa, lakini kwa kuwa ya pili ipo, nimechagua ng'ombe. Nikamweleza habari za kipimo cha kila mwezi, na za miaka 15. Alibangua korosho tatu nne bila kusema neno.

"Ng'ombe wa wapi?"

"Sikumuuliza daktari, Mjomba."

"Kamuulize."