Ni Hasira ya Nani? Kadari na Hiari katika Prison Break, kwa Jicho la Arua na Koboko

Katika tamthilia ya Prison Break, iliyoanza kurushwa Marekani Agosti 2005, mhandisi Michael Scofield anavamia benki makusudi ili afungwe gereza la Fox River, alimo kaka yake Lincoln anayesubiri kiti cha umeme kwa mauaji asiyoyafanya. Ramani ya gereza ameificha mwilini mwake, ndani ya tatuu. Ni rahisi kuiona tatuu hiyo kama ushindi wa hiari: wengine huandikiwa na Muumba kwenye paji la uso, huyu kajiandikia mgongoni. Mimi sioni hivyo, na waliofikiria jambo hili kwa undani nawakuta West Nile, Uganda.

John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara wa Arua kuanzia 1949 na kuchapisha Lugbara Religion mwaka 1960, anaonyesha kwamba enzi hizo mtu akiugua watu huuliza ni hasira ya nani. Mzee aliyeudhiwa na utovu wa adabu wa mdogo wake huketi karibu na vijumba vya mizimu akiwaza kosa hilo. Uchungu huo huitwa ole. Wahenga husikia, maradhi yakaja. Kinachonivutia ni kwamba wazee wawili waweza kuudai ugonjwa mmoja, na atakayekubaliwa kuwa ndiye aliyeuleta huonekana ndiye mkubwa wa ukoo. Tukio hutangulia, mwenyewe akatafutwa baadaye.

Mchezo huo huchezwa pia kinyumenyume. Idi Amin, rais wa Uganda na Mkakwa ambaye asili ya baba yake ni Koboko, alipowafukuza Waasia Agosti 1972 alisema ameoteshwa na Mungu. Mzee wa Kilugbara hudai asilolifanya kwa mkono wake; rais alikana alilolifanya kwa kinywa chake.

Tuirudie tamthilia. Kadari ya Lincoln imepangwa na watu wenye ofisi, tai na simu, wanaojiita Kampuni. Ni uamuzi wa watu uliovishwa sura ya sheria. Na mpango wa Michael? Mgongo unaungua kwenye bomba la moto, kipande cha ramani kinapotea na ngozi. Inambidi aingie wodi ya wagonjwa wa akili kumtafuta Haywire, mfungwa aliyewahi kuukariri mchoro ule. Hiari yote ya mhandisi imehifadhiwa kichwani mwa mtu ambaye gereza limekwisha kumwita kichaa! Usiku wa kwanza wa kutoroka, bomba bovu walilolitegemea limekwisha kubadilishwa kwa jipya. Hakuna aliyemwonea, ni matengenezo tu.

Kinachowatoa hatimaye ni mlango wa zahanati, ambao Daktari Sara Tancredi anauacha bila kuufunga. Kwenye vibanda vya video vya Uganda kuna VJ, mfasiri anayezungumza juu ya sauti za waigizaji. Kwa kawaida ameshaiona filamu, na hasiti kuwadokezea watazamaji yajayo. VJ wa namna hiyo anaujua mlango ule kabla ya Sara. Lakini kuujua siyo kuuacha wazi, na hakuna mzee, Kampuni wala ndoto inayoweza kuudai. Sara mwenyewe haudai. Usiku huohuo anapatikana kwake, amezidisha dawa za kulevya.