Tarehe 10 Desemba, mara mbili

Nyie mliozaliwa huku kama mimi, 10 Desemba inawakumbusha nini? Mimi nilifundishwa Paris, 1948: Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Binadamu. Bibi yeye anakumbuka Unguja, 1963: Zanzibar ilipata uhuru, baada ya miaka 73 ya himaya ya Uingereza. Siku 33 baadaye, 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi. Sikukuu ya taifa ni hiyo ya Januari. Ya Desemba haimo. Wengi wakahama. Bibi akaishia Muscat.

Juzi nikamsomea ibara ya 13 ya Tamko: kila mtu ana haki ya kutoka nchini kwake, na kurudi.

“Na nyumba je, imeandikwa?”

Nikafungua ya 17: mtu asinyang'anywe mali yake ovyo.

“Hebu soma tena, mjukuu wangu.”