Erik Gundersen na Uwanja wa Odsal

Miongoni mwa michezo iliyozaliwa katika karne ya ishirini na kupata mashabiki wengi huko Ulaya ya kaskazini, lakini ambayo habari zake hazikutufikia ila kwa nadra, umo mchezo wa spidiwei, ambao asili yake hutajwa kuwa ni mji wa West Maitland, Australia, mwaka 1923, na ambao uliingia Uingereza mwaka 1928, watu wakamiminika kwa maelfu kwenda kuutazama. Wapandaji 4 hushindana mizunguko 4 juu ya pikipiki zenye injini ya sentimita za ujazo 500, zenye gia moja, zitumiazo alkoholi badala ya petroli, nazo hazina breki. Hivyo mpandaji, afikapo kwenye kona, hulaza chombo chake, akauburura mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma, na kuliachia gurudumu la nyuma lijitupe kando huku likirusha changarawe.

Denmark, nchi ndogo kwa idadi ya watu, iliinuliwa katika mchezo huu na Ole Olsen, bingwa wa dunia wa 1971, 1975 na 1978, ambaye pia ndiye aliyeanzisha uwanja wa Vojens. Na katika kizazi kilichomfuata akatokea Erik Gundersen, mzaliwa wa Esbjerg, aliyekwenda Uingereza akajiunga na Cradley Heath, timu ambayo hakuihama muda wote alioshindana huko. Ubingwa wa dunia aliutwaa 1984, na mwaka uliofuata, katika uwanja wa Odsal mjini Bradford, alimaliza akiwa sawa kwa alama na Mdenmark mwenzake Hans Nielsen na Mmarekani Sam Ermolenko, ikawalazimu watatu hao kurudi uwanjani kwa mbio moja ya kukata shauri, naye akashinda. Mwaka 1988, huko Vojens, alilingana tena na Nielsen, na tena mbio moja ya ziada ikampa taji. Kwa rai yangu hapo ndipo ustadi wake unapodhihirika kuliko katika hesabu ya vikombe, kwani mbio ya namna hiyo haina nafasi ya kusahihisha kosa.

Katika uwanja uleule wa Odsal, tarehe 17 Septemba 1989, katika mbio ya kwanza kabisa ya fainali ya Kombe la Timu za Dunia, wapandaji wote wanne walianguka kwenye kona, na Gundersen, ambaye zilibaki wiki tatu tu atimize miaka 30, aliumia shingo na kichwa hata watu wakamkatia tamaa. Alipona kwa matibabu ya muda mrefu na kwa subira iliyo adhimu kuliko mataji yake yote, akajifunza upya kutembea. Ila mashindanoni hakurudi tena.

Baadaye alikabidhiwa uongozi wa timu ya taifa ya Denmark. Msomaji asidhani kwamba huo ni wadhifa wa heshima tu aliopewa majeruhi, maana katika mchezo huu meneja ndiye apangaye nani atoke na nani, na timu inapoachwa kwa alama ndiye aamuaye, kwa dakika chache zilizopo baina ya mbio na mbio, ni yupi wa kupumzishwa na yupi wa kuingizwa badala yake. Naye huamua kwa kuitazama ardhi, ajue ni upande gani changarawe imekusanyika na ni upande gani imebakia kavu, ili ampeleke pale mwenye mkono unaofaa. Elimu hiyo Gundersen aliipata kwa kuipitia ardhi yenyewe, na ajali iliyomnyang'anya wepesi wa viungo haikumnyang'anya jicho lake. Vijana waliopewa amri na mtu huyu walijua kwamba hakuna hatari aliyowatuma kuikabili ambayo yeye hakuikabili kabla yao.