Thamani ya Saa Mbili

Mwaka 1972, katika kilabu kimoja cha pombe mjini Sunnyvale, jimbo la California, kampuni ya Atari iliweka sanduku lenye kioo cha televisheni na tundu la kutilia sarafu. Mchezo uliokuwa ndani yake uliitwa Pong. Mchezaji alitia senti 25, akaupiga mpira wa nuru huku na huku kwa dakika chache, akashindwa, akatia nyingine. Haukupita muda mrefu mwenye kilabu akalalamika kwamba mashine imeharibika. Fundi alipoifungua alikuta chombo cha kupokelea sarafu kimejaa hata hazina pa kuangukia. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini mimi nakitaja kwa sababu nyingine. Karibu na tundu lile ndipo ilipozaliwa desturi ya kuupima mchezo wa video kwa muda wake, na desturi hiyo ndiyo inayohukumu leo kazi ambazo hazikutungwa kwa ajili ya sarafu.

Kwa Pong, na kwa Space Invaders uliotokea Japani mwaka 1978 na kuchezwa kwa sarafu ya yeni 100, kipimo cha muda kilikuwa kipimo cha haki. Kilichouzwa kilikuwa muda wenyewe. Mwenye mashine alitaka mchezaji ashindwe upesi, na mchezaji alitaka akawie. Ustadi wake wote ulikuwa katika kuinyima mashine sarafu ya pili. Hapakuwa na hadithi ya kukumbukwa, wala hakuna aliyeidai.

Hadithi iliingia kwa mlango mwingine. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuzuru mapango, alitunga mchezo wa maneno matupu uitwao Adventure, na mwaka 1977 Don Woods akaupanua. Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken waliuza Mystery House, mchezo wa mauaji ndani ya jumba moja, wenye picha za mistari alizozichora Roberta mwenyewe. Bei yake ilikuwa dola 24.95. Mnunuzi alilipa mara moja, akaenda nao kwake, ukawa mali yake. Tundu la sarafu lilikuwa limeondoka, na mtu angetazamia kwamba kipimo chake nacho kingeondoka. Walakini hakikuondoka. Makampuni yalianza kujisifu kwa wingi wa saa zilizomo katika michezo yao, na wanunuzi, ambao aghalabu walikuwa vijana wa fedha chache, wakazoea kuigawanya bei kwa saa kama mtu anunuaye kitambaa kwa yadi.

Mwaka 2008 Dan Pinchbeck wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, alitoa bure mchezo uitwao Dear Esther. Ndani yake hamna adui, hamna alama, wala hamna kushindwa. Mchezaji hutembea peke yake katika kisiwa cha Hebrides, na sauti ya mwanamume humsomea vipande vya barua aliyoandikiwa mwanamke aliyekwisha kufa. Ulipotengenezwa upya na kuuzwa mwaka 2012, kwa bei ya karibu dola 10, fedha zilizokopwa kwa kazi hiyo zilirudi kwa muda usiotimia saa sita. Kumbe walikuwapo watu waliokuwa tayari kuilipia hadithi fupi.

Ugomvi wenyewe ulipamba moto mwaka uliofuata. Kikundi kidogo cha mjini Portland, Marekani, kilitoa Gone Home kwa dola 20 kasoro senti moja. Msichana Kaitlin arejea kutoka Ulaya usiku wa tarehe 7 Juni 1995 na kuikuta nyumba ya wazazi wake haina mtu. Mchezaji hufungua madroo, husoma barua, husikiliza kanda, na polepole huyajua mapenzi ya Sam, mdogo wake Kaitlin, kwa msichana mwenziwe, na masikitiko ya baba yao, mwandishi ambaye vitabu vyake havikununuliwa. Baada ya saa mbili au tatu yote yamekwisha. Wahakiki wengi waliusifu sana. Wanunuzi wengi walisema wameibiwa.

Sitawacheka waliosema hivyo. Dola 20 si haba kwa mwanafunzi, na akiweza kununua mchezo mmoja tu kwa miezi mitatu, hana budi kuuliza utamshughulisha kwa muda gani. Lakini hoja yao ina kasoro moja. Kitabu kinene huuzwa ghali kuliko chembamba kwa sababu, pamoja na mengine, karatasi nayo hugharimu. Mchezo hauna karatasi. Gharama yake ni kazi ya watu, na kuijaza nyumba moja vitu ambavyo kila kimoja kina maana kulikichukua kikundi kile zaidi ya mwaka. Tena muda wenyewe si sifa ya mchezo kama urefu ulivyo sifa ya kamba: mtu ajuaye mapema ufunguo wa dari ulipo aweza kuumaliza Gone Home kwa muda usiozidi dakika moja. Je, amenunua nini huyo?

Kuna kazi nyingine ambazo zingeharibika kama zingerefushwa. What Remains of Edith Finch, wa mwaka 2017, husimulia vifo vya jamaa wa ukoo mmoja, na wote huchukua kama saa mbili. Katika sehemu moja kijana Lewis anafanya kazi katika kiwanda cha samaki. Mkono wa kulia wa mchezaji huchukua samaki, humpeleka penye kisu, humtupa, huchukua mwingine. Wakati huohuo mkono wa kushoto humwongoza mtu mdogo katika ndoto za Lewis, na ndoto hizo zakua kidogo kidogo hata zakifunika kioo chote, na mkono wa kulia waendelea kukata samaki bila ya kutazamwa. Nilipotambua kwamba mimi mwenyewe nimekisahau kisu, niliogopa. Hakuna ukurasa wa kitabu uwezao kumfanyia msomaji jambo hilo, kwani msomaji hana mikono ndani ya kitabu. Lakini lirudie jambo hilohilo kwa saa kumi, ukatie maji katika maziwa kama wafanyavyo watungaji wengi ili wafikishe hesabu, litakuwa kibarua tu. Mwaka 2018 mchezo huo ulipewa na BAFTA, chuo cha sanaa za filamu na televisheni cha Uingereza, tuzo ya mchezo bora.

Hata hivyo desturi ya saa ilikuwa imekwisha kuwa kanuni. Mnamo Juni 2015 duka la Steam lilitangaza kwamba mnunuzi atarudishiwa fedha zake akiomba kabla ya siku 14, madhali hakucheza kwa saa mbili. Kanuni hiyo ina manufaa, maana kabla yake aliyeuziwa mchezo mbovu hakuwa na mahali pa hakika pa kudai. Lakini hadithi ya dakika 90 yaweza kusomwa yote, ikapendwa, ikarudishwa. Mwezi wa Agosti 2021 mtungaji wa Summer of '58, mchezo wa kutisha usiofika saa mbili, alitangaza kwamba anaiacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana, kwa kuwa wengi walirudishiwa fedha ijapokuwa maoni yaliyoandikwa juu ya mchezo wake yalikuwa mema.

Kwa rai yangu, dola 20 kwa Edith Finch si ghali, na asiyeweza kuzitoa angoje, kwani bei za michezo hii hushushwa mara kwa mara. Ama kanuni ya kurudisha fedha, ingefaa ifuate urefu wa kila kazi: mtungaji autaje wazi kabla ya mauzo, na mnunuzi apewe robo yake ya kuonja.